Misiani wa Shirati

Mwaka 1886 wakubwa wa Uingereza na Ujerumani walikubaliana kugawana nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga. Mstari wao ulianzia mto Umba kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka moja kwa moja hadi mahali ambapo nyuzi ya kwanza ya latitudo ya kusini inagusa ufuko wa mashariki wa ziwa Victoria. Mkataba wa 1890 ukauvusha mstari juu ya maji. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Pale unapozama ziwani leo, upande wa Kenya pana Muhuru Bay, kaunti ya Migori. Kusini yake kidogo, upande wa Tanzania, pana Shirati. Mvuvi anayetoka kwa mtumbwi alfajiri huweza kuwa amevuka mpaka na kurudi kabla ya chai.

Shirati hiyo ndiko alikozaliwa mwimbaji Daniel Owino Misiani, kijijini Nyamagongo, mwaka 1940. Kwa takribani miaka arobaini ya kazi yake hapakuwa na harusi, baa wala mkesha wa matanga katika Homa Bay na Migori ambao haukuijua sauti yake. Wapenzi wake walimwita D. O. na wengine Mfalme wa Historia. Wanaomsimulia huanza na gitaa. Mimi naona afadhali kuanza na mstari ule, maana ndio uliomfanya mgeni katika nchi ya ndugu zake, na waliochukizwa na nyimbo zake walijua vizuri jinsi ya kuutumia.

Wajaluo walikuwa wameteremka kusini mwa ghuba ya Winam muda mrefu kabla ya Wazungu, koo baada ya koo, wakikaa jirani na Wasuba na Wakuria, wakioana nao na kugombana nao. Mwendo huo ulikuwa bado haujakoma mstari ulipochorwa. Wajerumani waliweka kituo chao Shirati, cha askari kwanza, na baadaye pia kambi ya wagonjwa wa malale, ugonjwa uliofyeka watu wengi kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Waingereza nao walishika Karungu na Kisii. Vita Kuu ilipozuka, Septemba 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, wakapigwa siku ya tarehe 12 na kurudi walikotoka. Vijana wa pande zote mbili wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi yasiyo yao, na wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, na kwa miaka arobaini hivi mstari ule ukawa mwepesi: bendera moja pande mbili, shilingi moja, na meli za ziwani zilizopita Kisumu, Musoma na Mwanza zikipakia samaki, pamba na abiria bila kuuliza sana mtu ni wa wapi.

Mwaka 1934 wakaja Wamenoni. Ni wamishonari Waprotestanti kutoka Marekani, wa kanisa lenye asili ya Ulaya linalojulikana kwa kukataa vita na kupenda maisha yasiyo na makuu. Walipiga kambi Shirati, wakajenga kanisa, shule, na hospitali ambayo hadi leo inahudumia watu wa nchi zote mbili. Wamenoni ni watu wa kuimba. Kuimba kwao ni kwa sauti nne bila ala, na kanisa la namna hiyo hufundisha sikio kuliko shule yoyote ya muziki: mtoto anayesimama kati ya sauti ya kwanza na ya pili kila Jumapili hujifunza kuishika njia yake bila kupotezwa na ya jirani. Misiani alilelewa humo. Wazazi wake walikuwa waimbaji na watu wa dini hasa, na kwao gitaa lilikuwa chombo cha ulevini. Gitaa la kijana wao halikuruhusiwa kukaa, liliharibiwa. Sioni sababu ya kuwalaumu wazee wale. Walikuwa wamempa kijana kitu ambacho hawakujua wamempa, nacho ni masikio ya kusikia sauti mbili zikienda pamoja na Biblia nzima kichwani. Vyote viwili vingetumika.

Shule yake ya pili ilikuwa nje ya kanisa. Kwa Wajaluo, kabla ya gitaa palikuwa na nyatiti: zeze la nyuzi nane lenye tumbo lililowambwa ngozi. Mpigaji, jathum, huketi kwenye kigoda cha chini, hulaza chombo ubavuni, na hucharaza nyuzi kwa mikono miwili huku kidole gumba cha mguu, kilichovikwa pete ya chuma, kikigonga ukingo wa chombo kuhesabu mwendo. Kwenye mguu hufunga njuga. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Baadaye ikawa nailoni ya wavuvi. Lakini kazi ya jathum haikuwa kuchezesha watu tu. Alikaribishwa matangani kumsimulia marehemu, ukoo wake, ng'ombe zake, vita vyake, na watu aliowakosea. Aliruhusiwa kusema hadharani ambayo wengine walinong'ona, kwa sharti la kuyafunga vizuri katika mfano. Aliyetaka kutajwa alitoa pesa akasimamisha wimbo, akajisifu kwa majina yake ya sifa na ya rafiki zake, kisha wimbo ukaendelea. Hiyo ndiyo pakruok, na bendi zote za Nyanza zimeishi kwayo.

Gitaa lilifika Nyanza kwa njia nyingi. Inasimuliwa mara kwa mara kwamba askari wa Vita vya Pili waliorudi kutoka Burma ndio waliokuja nalo mabegani, na hilo lina ukweli wake, ingawa maduka ya Wahindi na redio vilifanya kazi kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 vijana wa Magharibi mwa Kenya walikuwa wakipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, mwenzao akigonga chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Kutoka Kongo zilikuja santuri za rumba. Vijana wa Kijaluo walisikiliza vyote hivyo, kisha vidole vyao vikafanya jambo ambalo hawakufundishwa na santuri yoyote: vikaanza kupiga gitaa kana kwamba ni nyatiti. Nyuzi hazikupigwa kwa pamoja kama Wazungu wanavyokung'uta. Zilidonolewa moja moja, haraka, zikirudia na kugeuza kile mwimbaji alichokwisha kusema. Mtindo huo ukaitwa benga. Ni nani hasa wa kwanza, wazee wa Nyanza hubishana mpaka usiku, na kila tarafa ina mtu wake. Misiani hakuwa wa kwanza. Alikuwa yule aliyeufikisha mtindo mahali ambapo haungeweza tena kupuuzwa.

Alivuka kuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, Kenya Desemba 1963, na mstari wa 1886 ukageuka kuwa mpaka wa mataifa mawili huru. Kijana wa Shirati aliyetafuta riziki ya muziki hakuwa na haja ya kuufikiria sana. Upande wa kaskazini ndiko kulikokuwa na masoko, mashamba ya chai na miwa, reli, na wenye mashine za kurekodi. Tena ndiko kulikokuwa na wasikilizaji wengi wa lugha yake.

Mashine zile zilikuwa Kericho. Hili huwashangaza wanaodhani muziki wote wa Kenya ulipitia Nairobi. Katika mji ule wa chai, kwenye baridi, jamii ya Chandarana ilikuwa na studio na lebo, na kwa miaka mingi wanamuziki wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa walipanda basi na magitaa yao kwenda huko. Safari kutoka Migori hupita Rongo na Kisii, kisha hupanda hadi kwenye mashamba ya chai. Walirekodi wote pamoja, bila nafasi ya kurekebisha baadaye. Aliyekosea aliwaanzisha wenzake upya. Katikati ya miaka ya 1960 Misiani na wenzake walianza kutoa santuri, mwanzo kwa magitaa makavu na kayamba, halafu, muongo ulipokuwa ukiisha, kwa magitaa ya umeme.

Kundi lilibadilisha majina: Shirati Luo Voice, Luo Sweet Voice, Victoria Boys, D. O. 7, na hatimaye lile lililodumu, Shirati Jazz. Hakuna jazi ndani yake. Neno hilo wakati ule lilimaanisha bendi ya kisasa tu, kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za Tanzania na Kenya. Lakini angalia jina la kwanza na la mwisho. Mtu anaishi Kenya, anauza Kenya, wanaomlipa wako Homa Bay na Kisumu, na bado bendi yake inabeba jina la kijiji kilichoko ng'ambo. Angeweza kujiita chochote. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitangaza katika santuri zake kwamba ametoka upande mwingine wa mstari.

Inafaa kueleza muziki wenyewe ulivyo, kwa sababu siasa yake imo ndani ya umbo lake. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilichukua dakika tatu au nne kila upande, basi wimbo mmoja wa benga uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Katika sehemu ya kwanza gitaa la solo huanza peke yake kwa maneno machache, mengine hulijibu, kisha waimbaji wawili au watatu huingia kwa sauti zilizofungamana, Misiani akiongoza. Kila wanapomaliza mstari, solo huurudia karibu neno kwa neno, kama mtu anayesema nimesikia. Besi haitulii chini kama ya rumba; nayo huruka na kudunda, ikifanya kazi ya ile pete ya kidole gumba. Halafu, baada ya hadithi kwisha, waimbaji hunyamaza na magitaa huchukua nchi. Mwendo hupanda, solo na ridhimu hujibizana, watu husimama, na hapo wachezaji hulipwa kwa subira yao. Kwa hiyo hadithi hutangulia kucheza. Mtu hawezi kufika kwenye raha bila kupita kwenye maneno. Wimbo wa Misiani uliohusu bei ya pamba au jeuri ya mkubwa fulani ulisikilizwa hadi mwisho na watu waliokuja kucheza tu.

Na walikuja wengi. Nyanza Kusini ya wakati ule ilikuwa wilaya moja kubwa, makao yake Homa Bay, kabla haijagawanywa katika wilaya na kisha kaunti za Homa Bay na Migori. Pesa ilipatikana kwa vipindi: msimu wa samaki, msimu wa pamba, na kuanzia 1979 siku za mishahara na malipo ya miwa kule Awendo, kiwanda cha sukari cha SONY kilipofunguliwa. Bendi zilifuata pesa hiyo. Zilipiga kwenye kumbi za masoko kwa jenereta, zikalala hapo hapo, zikaondoka asubuhi. Zilipiga matangani, ambako mchango wa mazishi ulikusanywa kwa muziki hadi kunapambazuka. Ni kazi ngumu kuliko watu wa mjini wanavyofikiri. Mwimbaji anaimba saa nane au tisa mfululizo, anakatizwa na pakruok kila dakika chache, na lazima akumbuke wimbo ulikuwa umefika wapi, nani ametoa shilingi ngapi, na ukoo wake unasifiwaje.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa Homa Bay ambaye bila yeye historia hii ingekuwa ya tarafa chache: Phares Oluoch Kanindo. Alikuwa mfanyabiashara wa muziki, mwenye lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura, na baadaye akawa mbunge wa Homa Bay. Kanindo alitambua kwamba benga haikuhitaji kueleweka maneno ili iuzwe. Alisafirisha santuri kusini, Zambia, Malawi na Rhodesia ya wakati ule. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na vijana wa Zimbabwe waliokuwa kambini walizikuta sauti hizi redioni na kwenye santuri. Walirudi kwao nazo. Uhuru wa Zimbabwe ulipofika 1980, gitaa la kudonoa lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Watu waliuita muziki huo kanindo, na mtindo uliozaliwa kutokana nao ukaitwa sungura, jina lake hadi leo. Simon Chimbetu, mmoja wa waimbaji wakubwa wa huko aliyekaa Tanzania miaka ya vita, aliimba hata kwa Kiswahili. Sidhani kuna bidhaa nyingine iliyotoka Homa Bay ikaenda mbali kiasi hicho na kubaki na jina la mwenyewe. Nasikitika kwamba mjini kwenyewe jambo hili halifundishwi.

Sasa turudi kwenye maneno, maana hapo ndipo Misiani anapoachana na wenzake. Wapiga benga wengi waliimba mapenzi na sifa za wafadhili. Naye aliimba hayo, kwa wingi, kwa kuwa ndiyo yaliyomlisha. Lakini aliimba pia habari za dunia kama mwalimu asiye na darasa. Alieleza wafalme wa Biblia, falme zilizoanguka, vita vya mbali, viongozi wa Afrika waliouawa. Jina la Mfalme wa Historia halikuwa la kupamba. Kijana wa Ndhiwa au Karungu aliyeacha shule darasa la nne aliweza kujua habari za mataifa kutoka kwa D. O.

Na historia ya karibu ilikuwa ya uchungu. Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi na kuuawa barabarani Nairobi. Mboya, ingawa siasa zake zilikuwa Nairobi, alikuwa mwana wa Rusinga, kisiwa ambacho leo kiko kaunti ya Homa Bay. Oktoba 25 mwaka ule ule Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Umati ukamzomea, ugomvi ukazuka kati yake na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, na askari wakafyatua risasi. Watu waliuawa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini. Kwa Wajaluo wa Kenya ulianza wakati mrefu wa kutazama nyuma ya bega kabla ya kusema. Magazeti hayakusema. Wabunge wengi walinyamaza. Waliobaki na ulimi ni waimbaji, na hata wao kwa kufumba.

Misiani alikuwa fundi wa kufumba. Alichukua mfalme wa Agano la Kale aliyewatesa watu wake, akamsimulia kwa uaminifu, bila kuongeza jina lolote. Msikilizaji aliongeza mwenyewe. Alichukua wanyama wa ngano, fisi na nyani na ndovu, akawapa tabia ambazo kila mtu alizitambua. Ukimshitaki, unamshitaki kwa kuimba Biblia. Ukimwuliza fisi ni nani, utakuwa wewe ndiye uliyemtaja. Wanazuoni wamekuja kuliandika jambo hili. Katika kitabu kuhusu nyimbo na siasa za Afrika Mashariki kilichohaririwa na Kimani Njogu na Hervé Maupeu mwaka 2007, Adams Oloo ana sura nzima juu ya Misiani. Lakini wasikilizaji wake hawakuhitaji mwanazuoni. Walikuwa wamelelewa na jathum.

Wenye mamlaka nao hawakuwa wajinga. Alikamatwa zaidi ya mara moja, chini ya Kenyatta na baadaye chini ya Daniel arap Moi, na zaidi ya selo lilikuwepo tishio lingine ambalo wapiga benga wa Siaya au Kendu Bay hawakulijua: kurudishwa kwao. Mtu wa Shirati ni Mtanzania. Muziki wake ukipendeza ni ndugu yetu. Ukiuma, ni mgeni anayeingilia mambo ya Kenya. Hapo mstari wa 1886 ukapata meno. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Kwa miaka sita na zaidi, wavuvi na wafanyabiashara wa Muhuru, Isebania na Sirare waliendelea kupita kwa njia za panya, kwa sababu mtu hawezi kuacha kumzika shangazi yake eti marais wamekosana. Lakini kwa mtu anayejulikana kwa sura na sauti, mwenye bendi iliyoitwa Shirati, kila kupita kulikuwa kesi inayosubiri kufunguliwa.

Si Nyanza peke yake ambako pasi ya kusafiria ilitumika kuziba mdomo wa mwimbaji. Ulaya ya miaka hiyo ilikuwa na baritoni Mjerumani, Dietrich Fischer-Dieskau, mzaliwa wa Berlin wa 1925, aliyekuwa mfungwa wa vita nchini Italia na baadaye akaja kuhesabiwa mwimbaji mkuu wa zile nyimbo za shairi moja, sauti moja na piano moja ambazo Schubert aliziandika kwa mamia. Mei 1962, Coventry, mji wa Uingereza uliobomolewa na ndege za Ujerumani, ulizindua kanisa lake jipya kwa kazi kubwa ya Benjamin Britten ya kuomboleza wafu wa vita. Britten alitaka iimbwe na Mwingereza, Mjerumani na Mrusi. Mwingereza na Mjerumani walisimama. Galina Vishnevskaya, yule Mrusi, serikali yake ilimkatalia ruhusa, na mahali pake akaimba mwingine. Nimekumbuka kisa hicho kwa kuwa kinafanana na cha Misiani kuliko umbali wa miji yao unavyoonyesha. Fischer-Dieskau, Mjerumani, aliimba kwa Kiingereza mbele ya watu waliolipuliwa na Wajerumani, nao wakamsikiliza. Misiani aliimba Dholuo pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora, na ni serikali huru za Kiafrika zilizotaka aonyeshe vyeti.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 London ilimgundua. Kampuni ndogo zilizokuwa zikitafuta muziki wa dunia zilitoa santuri ndefu za Shirati Jazz: Benga Beat kwa World Circuit, Benga Blast! kwa Earthworks, na Piny Ose Mer kwa GlobeStyle. Wasikilizaji wapya walisifu magitaa. Maneno, yaani nusu ya kazi, hawakuyasikia. Simwonei mtu, ndivyo muziki unavyosafiri, na Wazimbabwe walifanya vivyo hivyo kwa faida kubwa. Ila kwa Misiani ilimaanisha kwamba alisifiwa London kwa kuchezesha watu, wakati Kenya ilimjua kwa jambo la hatari zaidi.

Nyumbani biashara ilikuwa ikioza. Santuri zilikwisha, zikaja kanda, na kanda iliweza kunakiliwa na yeyote mwenye redio mbili. Katika kila stendi ya matatu, kuanzia Oyugis hadi Sirare, vibanda viliuza nakala za bendi zote za Nyanza, na mwimbaji alisikia wimbo wake ukipigwa na watu ambao hawakumlipa senti. Hii ndiyo sababu wanamuziki wa kizazi chake waliendelea kupanda matatu kwenda matangani hata uzeeni. Waliokuwa nacho ni jukwaa tu. Nani aliyewafanya hivyo? Wanakili, ndiyo, lakini pia mikataba ya zamani iliyolipa mara moja na kuchukua wimbo milele, na mashirika ya hakimiliki yaliyokuwa dhaifu. Wimbo uliouza katika nchi tano haukumjengea aliyeutunga.

Desemba 1991 Kenya iliruhusu tena vyama vingi, na ulimi ukalegea. Misiani, sasa mzee, hakupumzika. Utawala wa Moi ulipokwisha 2002 na muungano wa NARC ulipoingia kwa shangwe, kisha ukaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya ahadi na katiba mpya, alitoa Bim en Bim, wimbo uliowafananisha wanasiasa na nyani wanaovamia shamba la watu. Safari hii hakufumba sana. Alikuwa ameona serikali tatu, na wale aliowashangilia walipofanya yale yale, aliwaimba kama alivyowaimba waliotangulia. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko wingi wa santuri zake. Ni rahisi kumwimba adui. Kumwimba mtu wa kwenu aliyekosea, mbele ya watu wa kwenu, katika mkutano uliolipiwa na rafiki zake, ni kazi ya jathum wa kweli.

Alifariki Mei 17, 2006, katika ajali ya barabarani Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa filamu na kitabu cha kufuatilia mizizi ya benga, kazi ambayo ilipaswa kufanywa zamani na shirika la utangazaji la taifa. Mwaka 2010 kampuni ya Stern's ikakusanya santuri zake za miaka ya 1970 katika albamu moja na kuiita kwa jina lake la heshima, The King of History. Ni nyimbo chache kati ya mamia. Nyingine zimo katika masanduku ya watu binafsi huko Rongo, Ndhiwa, Mbita, Shirati na Musoma, upande A bila wa B, zenye mikwaruzo ya sindano. Kaunti za Homa Bay na Migori zina bajeti za utamaduni, na mkoa wa Mara uko hatua chache tu ng'ambo. Kuzikusanya, kuzinakili vizuri, kuandika maneno yake kwa Dholuo na kuyaeleza kwa Kiswahili ni kazi ya watu wachache kwa mwaka mmoja au miwili, na inabidi ifanywe pande mbili, kwa kuwa wazee wanaojua fisi wa wimbo fulani alikuwa nani wako Kenya, na wengine wako Tanzania.